Soseji za Ndani ya Sanduku la Chai

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Mimi, mke wa mpishi. Mume wangu, mpishi wa nyumba kubwa kwenye shamba la chai. Binti yetu, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili na alishinda mgongoni kwangu. Mama mzazi wa mume wangu, aliyekuja bila kuitwa. Kule nyumba kubwa alikuwepo meneja mpya wa shamba, na mke wake ambaye sote tulimwita Mama Meneja, na msichana wao wa kazi, mtoto wa shangazi yangu, ambaye kazi ile alitafutiwa na mume wangu. Halafu wageni, wakubwa wa kutoka wilayani, na mmoja wao alikuwa mkubwa wa wakubwa. Na katibu wa kamati ya wafanyakazi, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale, alitoka mkoa wa mbali, kaletwa na chai kama wengi wengine.

Majina yao wote ninayo, na ya baba zao pia. Wanangu wananijua, wakiuliza nani alimwoa nani nawatajia mpaka wanachoka wao. Lakini hapa siyaandiki. Waliokufa hawawezi kunijibu, na walio hai wana wajukuu wanaojua kusoma. Mimi mwenyewe kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la watu wazima, mtoto akiwa titini, kwa hiyo mnivumilie.

Shamba lile lilikuwa la Mzungu mpaka serikali ilipolichukua. Mzungu na mkewe waliondoka na masanduku yao, na nyumba kubwa ikakaa tupu msimu mzima wa mvua, mume wangu akiyafungua madirisha kila asubuhi na kuyafunga kila jioni, maana hakuna aliyemwambia aache. Sisi tuliishi kwenye nyumba ya mpishi, chini ya bustani. Chumba na ukumbi, bati juu, na jiko dogo la nje lenye mafiga matatu. Ukungu uliingia chini ya mlango kama mtu wa nyumbani. Mtu wa mjini angeiona si kitu. Kwangu nyumba ile ilikuwa ndiyo uhai wa mtoto wangu, na hapo sitii chumvi.

Nieleze kwa nini. Kabla ya chai, mume wangu alifanya kazi ya mkonge huko chini, nyika, na mimi nikamfuata na mtoto wetu wa kwanza. Mtu aliyezaliwa huku juu kwenye baridi akishuka kule, mbu wanamjua kwamba ni mgeni. Mtoto alishikwa na homa siku ya soko, soko lililofuata tulikuwa tumeshamzika, pembeni mwa mkonge, mahali ambapo leo sina hakika ningepatambua. Tukapanda mlima mikono mitupu. Mama mkwe alitupokea amesimama mlangoni. Aliniambia mimi, si mwanawe: "Umempeleka mjukuu wangu kwa mbu." Halafu akaingia ndani. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu, hata nilipojifungua huyu wa pili. Alituma kanga na ndizi kwa mkono wa mtu, yeye hakuja.

Sasa wakati ule ninaousema, habari zilizagaa kwamba kijiji kipya cha ujamaa kinafunguliwa huko huko chini, na watu wanatakiwa. Wenye kazi shambani wangebaki. Wasio na kazi na wasio na kiunga cha kulima wangeandikwa. Mume wangu kiunga hakuwa nacho, ardhi ya baba yao ilikuwa imeshagawanywa kwa kaka zake, yeye akihesabiwa kuwa ni mtu wa mshahara. Kwa hiyo ilikuwa hivi: kazi ikiisha, nyumba imekwisha. Nyumba ikiisha, tunashuka. Na mimi nilishaapa kwamba sishuki tena na mtoto.

Meneja mpya alipofika, hakusema kwamba mpishi anabaki wala anaondoka. Mama Meneja ndiye aliyesema. Alikuwa mwanamke mrefu, msafi, hana kelele. Alimwita mume wangu jikoni, akamwambia: "Mpishi, wengine wananiambia nitafute mtu wangu, kwamba wewe ni wa wakoloni. Mimi sijui hayo. Jumamosi tuna wageni wa wilaya. Nitaiona kazi yako hapo."

"Ndiyo, mama."

"Nasikia ulikuwa unatengeneza vile visoseji vidogo vya kushika na kijiti."

"Natengeneza, mama."

"Basi nivione. Ila visiwe vya nguruwe. Mgeni wetu mkubwa ni mtu wa swala."

Mume wangu akacheka kidogo. "Hata mimi ni mtu wa swala, mama."

Alirudi nyumbani siku hiyo anapiga mluzi. Aliniambia: "Mama watoto, tumebaki. Ameomba kitu ambacho nakifanya macho yamefungwa."

Soseji zile alifundishwa na bibi wa Kizungu, na namna ya kuzipika ilikuwa ya ajabu. Zilipikwa bila moto. Yule bibi alikuwa na sanduku la chai, lile la mbao nyembamba la kusafirishia chai, ndani limepigwa karatasi ya kung'aa kama bati. Alilijaza nyasi kavu, zikashindiliwa mpaka katikati pakabaki shimo la kutosha sufuria. Chakula kilichemshwa kwenye moto mpaka kitokote vizuri, halafu sufuria ikafunikwa ikiwa inafoka, ikafungwa shuka, ikatumbukizwa kwenye nyasi, juu yake mto wa nyasi na blanketi, na mfuniko ukakandamizwa na jiwe. Kikabaki humo tangu asubuhi mpaka alasiri, kinaiva polepole kwa joto lake chenyewe. Siku ya sherehe jiko kubwa linakuwa limejaa nyama za kuoka na mapishi mengine, na soseji ziko pembeni hazisumbui mtu. Bibi yule alipoondoka alimwachia mume wangu sanduku hilo. Likawa nyumbani kwetu, kwenye kona ya ukumbi.

"Ni kazi rahisi kuliko zote," mume wangu alikuwa akisema. "Unachemsha, unafunika, unasahau. Ukifungua kabla ya saa yake, umeharibu. Joto likishatoka halirudi."

Ijumaa tulifanya kazi pamoja uani. Alileta nyama ya ng'ombe aliyechinjwa na mwalimu wa madrasa, na mafuta yake, akaisaga kwa mashine ya mkono aliyoifunga kwenye benchi. Mimi nilipewa matumbo membamba ya kondoo niyasafishe, nikayageuza ndani nje kwa kijiti, nikayasugua kwa chumvi na ndimu mpaka yakawa meupe na laini kama kitambaa kilicholowa. Tulijaza nyama kwa mdomo wa faneli. Yeye alisukuma, mimi nilishika, na kila ikifika urefu wa kidole cha mwisho alifunga uzi. Mnyororo ukarefuka ukajaa beseni. Binti yetu aliunyooshea mkono kutoka mgongoni akasema neno lake, lile lililokuwa na maana ya nyoka na kamba na mkia wa mbuzi vyote pamoja. Tulicheka sana. Sikumbuki kama tulicheka namna ile tena.

Jumamosi alfajiri mume wangu alikaanga vitunguu, akatia nyanya nyingi, siki, pilipili manga, na kopo zima la jamu ya matunda ya plamzi iliyobaki kwenye kabati ya wazungu, maana sukari ilikuwa ya shida. Soseji zikaingia humo. Zikatokota mpaka mchuzi ukawa mwekundu mzito. Shuka tuliyotumia ilikuwa nyeupe, ya nyumba kubwa, kwa sababu alisema leo kila kitu kiwe safi. Akaifunga sufuria, fundo juu, akaiingiza sandukuni, akafunika, akaweka jiwe. Mimi nikazima moto kwenye mafiga nikazoa majivu. Kuni zilikuwa chache, na siku ile sikuwa na sababu ya kuwasha. Mchana tungekula makombo ya nyumba kubwa.

"Usilifungue," akaniambia akivaa koti lake jeupe. "Nitakuja mwenyewe saa tisa."

"Nilifungue nina kichaa?"

"Hata kunusa."

"Nenda, baba watoto. Utachelewa."

Saa mbili msichana wa kazi akaja kuniita, kwamba glasi ni nyingi na mikono ni michache. Nikambeba mtoto nikapanda naye. Mlango wa kwetu niliurudishia tu, hatukuwa na desturi ya kufuli. Nilikaa kule nikiosha glasi na kuzifuta mpaka jua likapanda juu. Nadhani ilikuwa imepita saa nne. Ndipo nikashuka.

Kutoka juu kwenye bustani niliona moshi. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwangu, ambako nilizima moto kwa mikono yangu. Nikakimbia, mtoto akidunda mgongoni.

Uani kwangu nyasi zilikuwa zimetapakaa kila mahali, kama ng'ombe kaingia. Blanketi lilikuwa limeanikwa kwenye ua. Shuka nyeupe ilikuwa imeanikwa pia. Sufuria ya soseji ilikuwa chini, mlangoni, mfuniko pembeni, na nzi wawili walikuwa wanatembea ukingoni. Na jikoni, mbele ya moto mkubwa, alikuwa amekaa mama mkwe wangu, ambaye hakuwa amekanyaga kwangu tangu tulipomzika mtoto.

Nilipiga goti. "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alikuwa ananitazama mgongoni. Akasema kwa Kishambaa nimteremshe mtoto, nimteremshe upesi. Nikafungua mbeleko. Akamchukua, akamshika miguu, akamshika mikono, akampapasa tumbo na kichwa. Ndipo akaitikia: "Marahaba." Halafu akaanza kulia.

Mama mkwe yule sikuwahi kumwona akilia, hata siku ile tuliyorudi kutoka nyika.

"Nimekuja," akasema. "Nimesikia kuna watu wanaandikwa kushuka. Nimesema nije niseme na wewe, nikuombe, kama mwanangu ataandikwa basi mtoto uniachie mimi. Nimefika. Nimebisha hodi, kimya. Nimetazama jikoni, mafiga baridi, hata majivu hayapo. Mkamwana wangu, nyumba yenye mtoto inakaaje bila moto? Moto hauwashwi ndani ya msiba. Nikaingia. Nikaona lile sanduku lina jiwe juu. Nimetoa jiwe. Nimetoa blanketi. Nimeona shuka nyeupe, imefungwa fundo." Akamkumbatia mtoto. "Nimeiwekea mkono. Ilikuwa na joto."

Nikaelewa. Na nilipoelewa, nikakaa chini hapo hapo kwenye nyasi.

"Nilidhani ni yeye," akasema. "Nilidhani mmemweka humo mkaenda kuita watu."

"Mama, ni chakula. Ni chakula cha wageni."

"Nimeona ni chakula! Nimefungua fundo nimekuta matumbo." Akajifuta uso kwa ukingo wa kanga, na hasira ikamjia mahali pa machozi. "Nani anafunga chakula sanda? Wazungu wamekufundisheni nini nyie? Nimetupa nyasi zao zote. Shuka nimeianika jua liitoe nuksi. Na moto nimewasha mwenyewe. Nimekuja na maharage yangu, mjukuu wangu atakula chakula kilichopikwa kwenye moto kama mtu."

Maharage yake yalikuwa kwenye mafiga, kwenye chungu alichokibeba kichwani kutoka kwake, bonde zima na mlima mzima. Yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kuchemka.

Nilishika sufuria ya soseji. Ilikuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Sijui ilikaa wazi muda gani. Yeye alisema alifika "jua likiwa kwenye mgomba," na mgomba ule jua lilikuwa linaufikia mapema.

Nilijua la kufanya. Nalisema hili wazi, asitokee mtu wa kunionea huruma akadai kwamba sikujua. Mume wangu alikuwa ameniambia mara nyingi: chakula cha sandukuni kikipoa kabla ya saa yake, kinarudi motoni kitokote upya, ama kinamwagwa. Nilitakiwa kuiweka sufuria ile motoni. Lakini motoni palikuwa na chungu cha mama mkwe.

Kwetu, mkamwana hakiondoi chungu cha mama mkwe kwenye mafiga. Akikiondoa amemwambia toka. Na mama huyu alikuwa amekaa miaka bila kunijia, leo amekuja, amebeba chungu chake mwenyewe, amemlilia mtoto wangu kama wake. Nilitazama mawe mengine uani, nikafikiri niwashe moto wa pili. Hilo nalo lingekuwa baya kuliko la kwanza. Meko mawili kwenye ua mmoja ni tangazo kwa kila apitaye kwamba wanawake wa nyumba ile wamegawana. Kuipeleka sufuria nyumba kubwa nilifikiri pia. Jiko lao lilikuwa limejaa, na mume wangu angeuliza, na ningemjibu nini, kwamba mama yako?

Nikachukua nyasi nikazirudisha sandukuni. Nikafunga shuka, nikatumbukiza sufuria, nikaweka blanketi na jiwe. Mama mkwe alinitazama nikifanya hayo.

"Kwani kimeharibika?" akauliza.

"Hapana, mama. Kilikuwa kinapoa tu."

"Maana mimi sikukusudia."

"Hakuna kilichoharibika, mama."

Akatulia. Tukakaa na moto wake. Akanieleza habari za watu wa kwao, nani kaoa, nani kafa, nami nikayaweka majina yote kichwani kama ninavyofanya siku zote. Mara moja alipotoka nje nikalifunua sanduku kidogo, nikatia kidole kwenye mchuzi. Nikafunika tena. Kwa hiyo mtu akiuliza nani alilifungua, jibu ni kwamba wote wawili tulilifungua.

Saa tisa mume wangu akashuka mbio, koti jeupe limeloa jasho kwapani. Alipomwona mama yake alisimama ghafla. Uso wake, sijui niuelezeje. Alikuwa mtu mzima lakini alikuwa kama aliyeitwa jina lake baada ya kusahauliwa. "Mama. Shikamoo. Umekuja."

"Marahaba, mwanangu. Onga mshi," mama yake akamwongezea salamu ya mchana ya kwetu. "Nimekuja. Nimewapikia maharage."

Akaenda kwenye sanduku, akatoa jiwe, akafungua fundo. Akaweka kiganja ubavuni mwa sufuria. Nilimwona akikunja uso.

"Haina joto," akasema polepole. Akanigeukia. "Mama watoto. Lilifunguliwa?"

Mama yake alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwake, mwiko mkononi. Aliinua macho kunitazama. Mlangoni alikuwa ameshafika msichana wa kazi, anahema: "Shemeji, wageni wamefika, Mama Meneja anauliza visoseji viko wapi!"

Nikasema: "Halikufunguliwa."

Akanitazama kidogo. Halafu akaonja moja, akatafuna, akaonja ya pili. "Ladha ipo. Nyasi zimechakaa, hazishiki joto. Ningezipasha dakika chache lakini," akatazama mafiga, akaona chungu cha mama yake, akaacha. "Acha. Twende."

Wakapanda, yeye na sufuria, msichana na vijiti. Nilisikia muziki wa redio kule juu, na watu wakipiga makofi, na baadaye msichana wa kazi akashuka kuniletea habari kwamba visoseji vimekwisha, mgeni mkubwa kasifu, kala na sahani ya jirani yake. Mama mkwe alifurahi. Alisema, "Unaona? Kumbe hakikuharibika."

Kabla ya magharibi walianza kutapika. Mmoja kwanza, kwenye maua, halafu wakawa wengi. Mgeni mkubwa alibebwa kuingizwa kwenye gari, miguu inaburuta. Hakufa mtu. Hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Lakini mtu mkubwa kutapika mbele ya watu wadogo, na makofi yamepigwa sasa hivi, si jambo ambalo watu huliacha lipite.

Jumatatu kamati ilikaa kwenye ghala la chai. Wanawake tuliketi kwenye jamvi nyuma, mimi na mama mkwe bega kwa bega. Katibu alikuwa na karatasi mbele yake.

"Mpishi, umewapikia wakoloni miaka mingapi?"

Mume wangu akataja.

"Kuna hata mmoja aliyetapika?"

"Hapana."

"Wakaja wananchi wenye nchi yao, wakatapika wote. Sisi tuelewe nini?" Watu wengine walicheka. "Nani alikutuma?"

"Sikutumwa na mtu, ndugu katibu."

"Basi sema mwenyewe ilikuwaje."

Nilisubiri. Mama mkwe alinishika kifundo cha mkono pale jamvini, akakibana. Mpaka leo sijui alinibana nisiseme, au alinibana niseme kwa niaba yake kwa kuwa yeye Kiswahili cha mkutano hakikumtoka. Ningeweza kumwuliza kwa Kishambaa, neno moja tu, kwa kunong'ona. Sikumwuliza.

Mume wangu akasema: "Nilikosea hesabu ya saa. Niliitoa sufuria motoni mapema. Kosa ni langu."

Aliliamini hilo. Hakulisema kumwokoa mtu, maana hakujua kuna mtu wa kuokolewa. Alikuwa amekesha akihesabu kichwani, alfajiri ile ilikuwaje, vitunguu vilichukua muda gani, mchuzi ulitokota kiasi gani, mpaka akaliona kosa ambalo halikuwepo.

Mama Meneja hakugomba. Alituma mtu kuchukua koti jeupe na funguo. Nyumba tulipewa wiki mbili, na majina yetu yakaandikwa, la mume, la mke, la mtoto. Karatasi nilioneshwa. Wakati huo nilikuwa sijui kusoma, nikaitazama tu kama picha.

Tulipanda lori pamoja na familia nyingine. Mama mkwe alikuja na kifurushi chake akapanda naye, mwanawe akimsihi ashuke. Hakuna aliyemwandika. Alisema: "Huyu mtoto hashuki bila mimi." Barabara ile ya kuteremka mlima ina kona nyingi. Kila kona joto liliongezeka, tukavua nguo za baridi moja baada ya nyingine tukazikalia.

Kule tuligawiwa viwanja kwa mstari ulionyooka, na tukajenga. Mume wangu alilima pamba na mihogo. Kupika hakupika tena, hata uji. Nikimwuliza kama maharage yameiva alikuwa anasema, "Angalia wewe, mimi siwezi kukadiria." Mtu aliyejua kwa kiganja chake! Wakati mwingine alisimama shambani akitazama jua, midomo inahesabu, nami nilijua yuko wapi. Yuko alfajiri ile.

Mtoto homa ilimshika mara tatu. Bibi yake alimlaza kifuani, akampepea kwa kanga usiku na mchana, akachemsha majani aliyoyajua na mengine aliyofundishwa na wenyeji. Mtoto aliishi. Sikio lake moja lilikufa, la kushoto, mpaka leo ukimsemesha upande huo hageuki. Mvua za pili homa ikamshika bibi. Alikuwa mtu wa juu mwili mzima, hakuwahi hata siku moja kulala mahali pa mbu. Siku tano tu.

Siku ya nne aliniita nisogee. Alisema kwa Kishambaa, naandika kwa Kiswahili: "Mkamwana wangu. Lile sanduku. Ni mimi?"

Nikamwambia: "Hapana, mama. Nyama ilikuwa mbaya kutoka kwa mchinjaji."

"Wallahi?"

Nikaapa. Jina la Mungu nililitaja kwa uongo mbele ya mtu anayekufa, na ningelitaja tena. Akafumba macho. Nilimwosha mimi mwenyewe pamoja na wanawake wawili wa mstari wetu, na tulipoifunga ile sanda nyeupe mikono yangu ilikataa kufunga fundo. Wakafunga wao.

Mume wangu nilikaa naye miaka mingi baada ya hapo. Tukazaa wengine, tukarudi milimani tukiwa wazee, pa kupanga. Nilikuwa na siku nyingi za kumwambia. Mara nilijiambia kwamba nikimwambia nitampa kazi yake tena, mikono yake, kiganja chake. Mara nilijiambia kwamba nitakuwa nimemnyang'anya mama. Nilipima hivyo mwaka hata mwaka, mpaka akaondoka. Neno lake la mwisho la maana kwangu lilihusu bati linalovuja. Amezikwa akiamini kwamba alikosea hesabu ya saa.

Kwa hiyo nimeandika. Huyu binti mwenye sikio moja ameniambia watu wengi watasoma, na baadhi ni wa ukoo. Basi kama yupo aliyekuwepo siku ile, au aliyesimuliwa na aliyekuwepo, na akaona nimepotosha, anisahihishe, sitamchukia. Kuhusu glasi, kuhusu saa, kuhusu nani alikaa wapi kwenye ghala. Zaidi ya yote namwomba mtoto wa shangazi yangu, aliyekuwa msichana wa kazi, ambaye nasikia yu hai kwa mwanawe. Yeye alisimama mlangoni. Mimi nakumbuka mume wangu aliuliza mara moja kama sanduku lilifunguliwa, nikajibu mara moja. Lakini kuna siku nasikia sauti yake ikiuliza tena, kwa upole zaidi, nami nikijibu vile vile. Kama aliuliza mara mbili, ndugu yangu, naomba uniambie.